Nusu ya Ndevu

Mdogo wangu husikiliza pikipiki kwanza, mwenye pikipiki baadaye. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Masikio, na jina lake la nyumbani siku hizi nalitaja mimi tu, tena kwenye sala. Pikipiki ikiletwa bandani kwake hashiki spana. Anainama, anafumba macho, anamwambia mwenyewe, "Washa. Sasa nyamaza." Akinyanyuka huwa ana jibu. "Cheni yako imeshafunga mizigo, ndugu. Inasubiri mlima tu ikuache." Watu hucheka, lakini cheni hubadilishwa siku hiyohiyo.

Banda lake limeegemea ukuta wa nyumba yetu. Mimi nipo barazani na cherehani, nashona viti vya pikipiki: natoa gamba lililochanika, naongeza sponji au naipunguza, navalisha upya. Kwa hiyo lolote linalosemwa bandani hupita kwangu kabla ya kufika barabarani. Si umbea, Mungu ni shahidi. Nyumba ndivyo ilivyojengwa.

Masikio alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wenzake waliicheka. Mtu akija kumwomba ushauri wa kununua pikipiki, alimkataza kuijaribu kwenye barabara nzuri. Alimwambia aiazime kwa muuzaji, aende nayo kazini kwake, saa ileile anayokwenda siku zote, na mzigo uleule. Muuza maziwa aende na madumu yake. Mwenye mke ampakize mke. Hilo aliliita "kuipeleka kazini". "Pikipiki haichumbiwi kwenye lami tupu," alikuwa akisema. "Huko kila moja ni mrembo. Ichumbie kwenye foleni, jua likiwa utosini, ndipo utaijua tabia yake." Wengi amewaokoa kwa maneno hayo, nami nilikuwa najivuna kimoyomoyo kama dada, nikisahau kwamba majivuno si chakula cha muumini.

Sasa, ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na banda, ndipo kilipo chumba cha kinyozi. Huyu kinyozi na Masikio wamekua pamoja, wakisukuma tairi kuukuu kwa kijiti na kugombana ni nani dereva. Kwenye kona ya kioo chake kuna picha ya pikipiki ya mbio, imekatwa kwenye kalenda ya zamani hadi imegeuka rangi ya chai. Wateja wageni hudhani ni ya mwanawe. Ni yake. Ameitazama huku akinyoa vichwa vya watu tangu hana mvi hata moja.

Alipohamia nyumba yake mpya pembezoni mwa mji, ikawa kila asubuhi lazima auvuke mji mzima kuja kazini. Ndipo siku moja akaingia bandani, mikono nyuma, anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi.

"Masikio, wakati umefika. Nikingoja zaidi nitaipanda na mkongojo."

Muuzaji wa pikipiki zilizotumika alikuwa nazo mbili za mbio, nyekundu na bluu, akakubali zije bandani zikaguliwe. Nilizitazama kwa macho ya kazi yangu, maana mimi pikipiki naijulia kwenye kiti. Nyekundu kiti chake kimeteremka mbele, na usukani umeshuka chini, hivyo anayeiendesha huilalia kama mtu anayechungulia kisimani. Kiti cha abiria hakizidi kisosi. Bluu nayo ni ya mbio, tena ina sura, lakini usukani wake umenyanyuka kidogo, na mtu hukaa kama anayesogea mezani kula.

"Haya nieleze polepole," kinyozi akasema. "Mimi najua nywele tu."

Mdogo wangu akamweleza, na siku hiyo alieleza vizuri, sina la kumlaumu. Nyekundu ina silinda nne. Mbio zake hazina mfano, ila zinapatikana huko juu, injini ikishapiga kelele. Ukienda nayo taratibu inanung'unika, na kwenye foleni feni inawaka na joto lote linakuja mapajani. Vioo vyake vinakuonyesha viwiko vyako. Spea zake huagizwa mbali, unazisubiri kama posa iliyokwama. Bluu ina silinda mbili. Kwenye barabara ndefu itaachwa nyuma, lakini kwenye taa inaondoka kabla hujafikiria, mlima inaupanda na mke nyuma, mafuta inayanywa kwa adabu, na spea zake zipo kila duka.

"Kwa hiyo ni bluu," kinyozi akasema, sauti imepoa kidogo, macho yako kwenye nyekundu.

"Ngoja. Sijazisikiliza."

Ilikuwa asubuhi ya siku ya mapumziko, barabara kuu nyeupe, hata mbwa hakuna. Masikio akaitoa bluu, akaenda, akarudi, akaiegesha. Akaitoa nyekundu. Tuliisikia ikienda mbali, inapanda sauti, inapanda tena, mpaka ikawa kama mtu anaimba peke yake milimani. Nami nakiri ni sauti nzuri. Aliporudi alikuwa amevua kofia ngumu, uso unang'aa kama kijana aliyekubaliwa. Akashuka. Na alipokuwa akishuka nilimwona akikung'uta mkono wa kulia, kama mtu anayemwaga maji vidoleni. Akaukunja, akaukunjua, akautia mfukoni.

"Toa hukumu," kinyozi akasema. "Wewe ungekuwa mimi ungechukua ipi?"

"Nyekundu. Hata usiniulize mara ya pili."

"Na ile ya kuipeleka kazini?" nikauliza kutoka barazani.

"Dada, shona kiti."

Kinyozi akacheka mpaka akashika tumbo. "Dada mkubwa, mwenye masikio ameshasikia. Sisi viziwi tutabisha nini?"

Aliulizwa angekuwa kinyozi angechukua ipi, akajibu kama Masikio. Kosa lote lipo hapo, wala halikuchukua muda mrefu kuliko kupiga chafya.

Kinyozi hana kivuli mbele ya chumba chake, hivyo nyekundu ikawa inalala mchana kutwa bandani kwetu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mara mbili tatu kila siku, wateja wakipungua, mdogo wangu aliiwasha. "Naipasha moto," alisema, jua likiwa linachoma mabati. Alikaa juu yake amefumba macho, anaiongezea mafuta kidogo, inajibu. Nikamwambia, "Hiyo ni mke wa mwenzio." Akacheka. Hakuzima.

Bluu ilinunuliwa na muuguzi mmoja mwanamama anayefanya kazi hospitali ya mtaa wa pili. Yeye aliipeleka kazini kwanza, maana kwa huyu Masikio hakuisahau desturi yake.

Msimu mmoja ulipita. Kinyozi akaanza kulalamika mkono. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, na kinachofuata, vinakufa ganzi. Asubuhi akifika kazini alikuwa anauweka mkono kwapani kwanza, kama anayeupasha, ndipo ashike mashine. Mwanzoni tulifanya utani. "Mkono wa kinyozi siku hizi una usingizi kuliko mtoto mchanga." Halafu bwana harusi mmoja akaenda kwenye picha zake na mstari wa paji umepinda, na mama yake akaja kupiga kelele mlangoni. Baada ya hapo kinyozi akauweka wembe kabatini. Akabaki na mashine tu, na watu wazima waliozoea kunyolewa ndevu kwa wembe wake wakaanza kupotea mmoja mmoja.

Hospitali walimwambia mshipa wa fahamu umebanwa. Wakamuuliza, "Mkono unauegemeza wapi?" Akawaambia yeye haegemei popote, kinyozi husimama. Wakampa dawa. Yeye akaona ni uzee. Mkewe akaona ni kijicho cha watu kwa sababu ya pikipiki. Alipita barazani kwetu akitoka sokoni, akaweka kikapu chini, akamwita mdogo wangu.

"Shemeji, mwombee mwenzio. Mkono wa kinyozi ndio shamba lake. Ukifa ule, tumekwisha."

"Nitamwombea," Masikio akasema, huku anatafuta kitu chini ambacho hakikudondoka.

Tangu siku hiyo akawa si yeye. Chakula anakichezea. Aliletewa pikipiki iliyokuwa inalia beringi, akasema ni cheni. Mwenyewe akarudi siku iliyofuata anaisukuma. Muuguzi alipokuja na bluu yake kubadilisha oili, akasema kwa furaha, "Fundi, Mungu akubariki, hii naikalia kama kiti cha nyumbani," mdogo wangu alijibu, "Asante, mama," kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Na nyekundu hakuiwasha tena. Aliizunguka kwa mbali, kama ndani ya banda kuna maiti.

Nilimwacha siku kadhaa. Halafu jioni moja akifunga mabati ya banda lake nikamuuliza, kwa upole, "Siku ile ulikuwa unakung'uta nini mkononi?"

Akakaa juu ya tairi.

"Uliniona."

"Nilikuona."

"Ulikufa ganzi, dada. Safari moja tu. Uzito wote wa mwili unakuja kiganjani, unakandamiza hapa." Akanionyesha ukingo wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho. "Nikajiambia ni kwa sababu sijaizoea. Nilijua siyo hivyo. Nilitaka iwe hapa. Nilitaka niisikie kila siku."

"Mwambie mwenyewe."

"Nikimwambia nitampoteza."

"Na usipomwambia?"

Mimi sikusoma kupita shule ya msingi, lakini najua kwamba toba huanza mdomoni, haiwezi kukaa tumboni ikaiva.

Siku chache baadaye nilivuka barabara kumpelekea kinyozi gamba jipya la kiti chake cha kunyolea. Nikamkuta Masikio ameketi humo, shuka shingoni, anataka kunyolewa ndevu. Nikakaa kwenye benchi kungoja. Kinyozi akawasha mashine, akaanza upande wa kulia. Ulikwisha vizuri. Alipozunguka kwenda kushoto nikaona kile kidole kinalegea na mashine inaanza kucheza. Akaizima, akaitundika, akauingiza mkono kwapani.

"Ngoja kidogo, swahiba. Umelala. Ukiamka tutamalizia."

Mdogo wangu alikuwa anamwangalia kwenye kioo, si uso kwa uso. "Siyo uzee," akasema.

"Nini?"

"Mkono wako. Siyo uzee wala kijicho. Ni usukani wa nyekundu. Asubuhi na jioni unauegemea kuvuka mji mzima, na foleni ndiyo mbaya kuliko yote, maana ukienda polepole hakuna upepo wa kukubeba kifua. Walipokuuliza unaegemea wapi, jibu lilikuwa hapo."

Kinyozi akacheka kidogo. "Basi ungeniambia mapema, bwana! Nimemeza vidonge mpaka tumbo linagonga kama njuga."

"Nilijua mapema."

"Mapema lini?"

"Siku ile. Wakati nashuka. Wangu ulikufa ganzi."

"Kabla sijainunua."

"Kabla."

Kinyozi akaitazama picha yake kwenye kona ya kioo, akamtazama mdogo wangu, akanitazama na mimi. Mimi nikatazama gamba la kiti mapajani mwangu.

"Mke wangu anafunga na kuomba," akasema polepole. "Na wewe mchana ulikuwa unaiwasha. Nilikuwa nasikia kutoka hapa. Nikawa nawaambia wateja, mnamsikia ndugu yangu anavyonitunzia?"

"Ndiyo."

"Niliuliza, ungekuwa mimi."

"Uliuliza."

Kinyozi akalifungua lile shuka shingoni, akalikung'uta nywele mlangoni, akalikunja mara mbili. "Mteja mwingine," akasema. Hakukuwa na mteja mwingine, nilikuwapo mimi na benchi.

"Na upande huu?" mdogo wangu akauliza, ameshika shavu la kushoto lenye ndevu zake zote.

"Huo utanyolewa mkono wangu ukirudi."

Hivyo ndivyo Masikio alivyotoka pale amenyolewa nusu. Tulidhani angeingia ndani ajimalizie. Hakujimalizia. Vinyozi wengine walimwita kwa mikono miwili, akakataa. Upande ulionyolewa kila ulipochipua, aliukwangua mwenyewe kwa kiwembe, akauacha ule mwingine unywe mvua. Mtaa ukapata sinema ya bure.

"Masikio, upande huo umekataliwa na nani?"

"Fundi, leo tukusalimie kulia au kushoto?"

"Nyamazeni, huenda ni gia. Huyu anabadilika taratibu!"

Alicheka nao, halafu akainama kwenye kazi. Mimi ndiye niliyeona haya, hasa kwenye ibada, maana upande wenye ndevu ulikuwa kwangu na wenzangu walioketi ng'ambo yake wakaona ule ulionyolewa, ikawa ni kama nimekuja na watu wawili. Nikamsihi, "Nyoa, mdogo wangu. Mungu haangalii ndevu." Akasema, "Mungu ameshaona, dada. Yule mwingine ndiye lazima aone."

Kinyozi alikuwa anakuja kwa basi. Nyekundu ilibaki bandani, hakuifuata wala hakusema iuzwe. Basi mdogo wangu akaanza kazi. Alimwomba muuguzi ruhusa ya kuipima bluu yake. Akachukua kamba, akapima kutoka kiti hadi usukani, kutoka kiti hadi pa kukanyagia, akafunga mafundo, akaileta ile kamba kwenye nyekundu. Mafundo hayakukutana popote. Usukani uliofaa haukuwapo dukani. Ulikuwapo kwenye pikipiki yake mwenyewe, ile kuukuu aliyoijenga ujanani kwa vipande, ambayo hajawahi kuniazima hata mimi. Akaufungua, na pikipiki yake ikabaki imesimama ukutani kama ng'ombe aliyekatwa pembe, mwenyewe akawa wa miguu.

Aliurefusha waya wa klachi na mpira wa breki, akateremsha pa kukanyagia, nami nikainua sponji mbele ili mtu asiporomokee mikononi, nikapanua na kile kisosi cha abiria. Tulipomaliza, nyekundu ilikuwa kama mrembo aliyevalishwa sweta la bibi yake. Masikio akaitazama. Najua aliumia, maana sauti ilikuwa ileile lakini kuilalia tena huwezi.

Kisha akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Kila asubuhi alikwenda kwa miguu na kwa basi hadi getini kwa kinyozi, nyekundu ikiwa imelala huko tangu jana yake, akaiendesha kutoka pale hadi hapa, saa ya kinyozi, kwenye foleni ya kinyozi, huku madereva wanaangusha vioo kumcheka ndevu. Jioni aliirudisha. Akifika bandani aliukunja na kuukunjua mkono, akachukua spana, akainua usukani unywele mmoja au akaugeuza ndani kidogo. Mke wa kinyozi siku za mwanzo alimfungulia geti bila salamu. Baadaye akawa anasema, "Kuna chai." Baadaye akasema, "Kunywa chai, shemeji," na hapo Masikio akakaa akanywa.

Ilipofika asubuhi ambayo mkono wake mwenyewe haulali tena, aliiacha kule, ufunguo mikononi mwa mke wa kinyozi, akarudi kwa miguu.

Siku iliyofuata tulimsikia kinyozi anakuja nayo. Aliiegesha bandani, kivulini, mahali pake pa zamani. Akavuka barabara bila kugeuka. Ikawa hivyo muda mrefu, anaegesha, anavuka. Mdogo wangu hakuigusa, hata vumbi la tangi aliliacha.

Mpaka siku moja, mchana mweupe, kinyozi akasimama mlangoni kwake. "Wewe nusu mtu! Njoo hapa."

Masikio akavuka amepaka oili mpaka kwenye viwiko. Nami nikavuka, sikualikwa. Kinyozi alikuwa amefungua kabati. Wembe ulikuwa mkononi mwake, ule wa ukweli, wa kukunjwa.

"Tangu nimeuweka sijamgusa nao mtu," akasema. "Nataka wa kujaribia."

Mdogo wangu akakaa, akainua kidevu, akampa koo lote. Sikuweza kutazama. Nilitazama picha ya kalenda na kusema na Mungu wangu, nikisikia tu ile chwaa, chwaa ya wembe ukipita kwenye povu. Nilipogeuka, shavu la kushoto lilikuwa jeupe kama la mtoto, na kinyozi anaufuta wembe. Kidole kinachopakana na cha mwisho kilikuwa kimejikunja kwenye mpini, hai. Cha mwisho kilisimama pembeni, kimenyooka, kama mgeni ambaye hajaambiwa akae.

Masikio alikiona. "Hicho bado?"

"Bado."

"Kitarudi?"

"Mimi najua nywele tu," kinyozi akasema, akamfunika uso kwa taulo la moto.

Siku hizi wanataniana kama zamani, na mtu asiyejua hawezi kujua. Wateja wakimuuliza Masikio, "Wewe ungekuwa mimi ungechukua ipi?" anawajibu, "Mimi siyo wewe. Ipeleke kazini," hata wakimbembeleza vipi. Lakini kila asubuhi, kabla hajafungua banda, namwona akivuka barabara mikono mitupu. Kinyozi anakinyoosha kile kidole mlangoni, mdogo wangu anakibana kwa vidole viwili, anamtazama usoni.

"Vipi?"

"Bado."

Anaitikia kwa kichwa, anarudi kufungua mabati. Kesho yake anavuka tena.